Saini Unayoniomba

Wakesho mwanangu,

Leo ni siku ya nne hunisemeshi, na kesho alfajiri basi la Mandera linakuchukua mpaka Kutulo. Nimepiga hesabu nikaona muda wa kununiana uliobaki ni mdogo, na wewe na mimi hatujui kununa vizuri, huwa tunasahau katikati tukaanza kucheka. Kwa hiyo nimekimbilia ofisini. Watu wametoka kwa swala ya alasiri, feni inazunguka inavyojitakia, nami nataka nimalize barua hii kabla jua halijatua. Nyumbani hakuandikiki. Mama yako ametandaza nguo zako sebule nzima, anapanga na kupangua, na kila anayepita anaulizwa kama ameona taulo la kijani.

Mambo ya neti, vidonge, mtandio na maji ya kunywa njiani ameshayasema mama yako, na atayarudia mpaka kwenye ngazi ya basi. Mimi sitayagusa. Langu ni moja tu, kile kitabu chako.

Najua unavyoliona jambo lenyewe. Ulimaliza chuo ukakaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri kazi, huku wenzako wakiajiriwa. Vitabu vyao vya mafunzo vimeanza kujaa, kila wiki kazi waliyofanya na pembeni saini ya injinia aliyesajiliwa anayewasimamia. Bila kurasa hizo bodi ya mainjinia haimwiti mtu kwenye usaili, na bila usaili unabaki mhitimu tu, huwezi kuidhinisha hata mtaro. Ukaniletea chako kikiwa kimeshajazwa, kwa mwandiko wako ule mzuri, kana kwamba mwaka mzima ulikuwa kazini chini yangu. Visima nilivyosimamia mimi umeviandika. Mabomba niliyolaza mimi ukiwa umelala, umeyaandika. Ukaniambia, "Baba, ni saini tu. Kila mtu anafanya." Nikajibu kwamba nitafikiria. Wewe unanisoma tangu ukiwa na miaka minne, ukaliona jibu usoni kabla halijafika mdomoni, ukanuna.

Basi nimefikiria. Nitakuambia nilichofanya, lakini kwanza nisikilize, kwa sababu unaniomba kitu ambacho mimi nimeshawahi kukifanya, na hujui kilinifikisha wapi. Hata mama yako anajua nusu yake.

Kile cheti kilichokuwa ukutani juu ya televisheni, chenye fremu ya rangi ya dhahabu, unakikumbuka? Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwaonyesha wageni, unasema hicho ni cha Baba cha maji. Ilikuwa semina ya maji ya chini ya ardhi, siku mbili, Mombasa. Utaratibu utaujua karibuni: ukishasajiliwa, kila mwaka lazima uonyeshe kwamba umeendelea kujifunza, unakusanya pointi, na zisipotimia leseni yako haihuishwi. Miaka ile niliziona pointi hizo usumbufu wa watu wa Nairobi. Mimi nilikuwa na visima vya kuchimba. Nilikuwa nimekaa Garissa miaka kumi na tano, ninaitwa Injinia kuanzia sokoni mpaka mtoni, na mtu akiitwa hivyo kwa muda mrefu huanza kuamini kwamba mambo yamekwisha, hakuna jipya.

Niliingia ukumbini asubuhi nikatia saini. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi, hakuna anayelitazama, nikatia na ya mchana. Ya kesho yake alinitilia rafiki. Halafu tukakaa barazani mimi na wanafunzi wenzangu wawili wa zamani, kuanzia chai ya saa nne, tukibishana nani amepandishwa cheo na nani alimsukuma. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Sikumbuki hata neno moja la yale tuliyokuwa tukiyacheka. Jioni ya pili nikapewa cheti na mkoba wa karatasi zilizobanwa vizuri. Cheti mama yako akakitia fremu. Mkoba nikautupa juu ya kabati.

Sasa nikupeleke mahali ambapo jina lake sitaliandika, maana watu wake wako hai na wana haki ya kuwa na hasira bila kusomwa. Ni kituo cha kisima kaskazini ya hapa, birika refu la saruji la kunyweshea mifugo, kibanda cha mashine, shule ya mabati, na nyumba zinazoongezeka au kupungua kufuatana na malisho. Kisima kilikuwa kizuri. Miaka na miaka kilitoa maji matamu, polepole, kwa pampu ndogo. Kisha mvua zikakosa mara mbili mfululizo. Mifugo ikaja kutoka kila upande, foleni ya ngamia ikawa haionekani mwisho, na kamati ya kisima ikaniita. Wakataka maji zaidi.

Nilikwenda, nikapima, maji yakapanda haraka baada ya kuvutwa. Nikasema kisima hiki kina nguvu, kinachelewa kwa sababu ya pampu. Nikaandika pampu kubwa, ifanye kazi mchana na usiku. Nikatia saini, nikagonga muhuri. Hakuna aliyenilazimisha, Wakesho. Kila mtu alifurahi. Siku pampu ilipowashwa maji yalitoka kwa kishindo, wazee wakaomba dua, mbuzi akachinjwa, nikafungwa macawis mpya, shuka yao ya wanaume, kiunoni juu ya suruali yangu, nikapigwa picha nikicheka kama bwana harusi. Picha hiyo niliichana baadaye.

Palikuwa na mama mmoja anaitwa Ebla, anauza chai kando ya birika. Kila nikifika kikombe changu kinakuwa cha kwanza, ndiyo desturi ya mgeni, shaah ya maziwa ya ngamia, iliki, tangawizi, na sukari ya kusimamisha kijiko. Mwezi wa pili tangu pampu mpya akanifuata kwenye gari. "Injinia, maziwa yangu inakatika. Tangu ulete hii bambu kubwa, nikichemsha inakatika." Nikamwambia kwa upole, maana mimi ni mtu mpole nikiwa nimekosea, kwamba maziwa yamekaa juani mno. Akanitazama. Amekuwa akichemsha maziwa tangu kabla sijajua jina la wilaya hiyo, na hapo mimi, mtoto wa milima ya Wundanyi, namfundisha kuhusu jua.

Nilikuwa na kifaa cha kupima chumvi kwenye gari. Betri yake ilikuwa imekufa, nami nilikuwa nimeiandika kwenye orodha ya vitu vya kununua. Iliendelea kukaa kwenye orodha.

Safari iliyofuata mwenyekiti wa kamati akaniambia mbuzi wanafika birikani wananusa wanaondoka, wanakunywa ngamia peke yao. Nikamwambia mbuzi wameshtushwa na kelele za mashine. Usicheke. Nililisema hilo mbele ya watu wanaojua mbuzi kuliko ninavyokujua wewe, na wakanyamaza kwa heshima. Heshima ile iliniponza. Huko kwetu Taita mtu angeniambia wazi kwamba nimepotea.

Safari ya tatu Ebla alinisubiri kibandani kwake. Alinimiminia chai, akaiweka mbele yangu kwenye kibao, akakaa chini akingoja. Kisha akasema, "Leo kunywa bila sukari."

Nikanywa. Ilikuwa chumvi. Si ya kuhisi ukitafuta, chumvi ya mchuzi uliotiwa mara mbili. Miezi yote ile nilikuwa nikinywa maji yale ndani ya sukari na iliki, nikisifu chai. Nikaweka kikombe chini. Ebla hakuwa na hasira, na ndicho kilichoniuma zaidi. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Wewe Injinia, unakunywa maji gani?"

Nikageuka kutazama gari. Nyuma ya gari palikuwa na dumu la lita ishirini la maji ya Tana kutoka nyumbani. Wote tuliotumwa huku tulikuwa tukitembea hivyo, dumu ndani ya gari, hata hatufikirii. Nilikuwa nimechimba, nimepima, nimetia saini, na sikuwahi kunywa bilauri moja ya maji yale jinsi yalivyo. Aliona macho yangu yalikokwenda, akainuka akaenda kuosha vikombe.

Tulizima pampu, lakini tulikuwa tumechelewa. Watu wakahama kufuata visima vingine, shule ikabaki na watoto wachache, na kibanda cha chai kikavunjwa, miti yake ikapakiwa kwenye ngamia. Tuliporudisha pampu ndogo baada ya muda mrefu maji yalikuwa yamepungua chumvi kidogo. Hayajawahi kuwa yale ya zamani mpaka leo. Ofisi ikataka ripoti. Nikaandika kwamba sababu ni ukame. Mtu yeyote angeliamini hilo, mwaka ule kila kitu kilikuwa ukame.

Wiki chache baadaye nilikuwa natafuta kamba juu ya kabati, mkoba wa Mombasa ukaniangukia. Karatasi zilikuwa bado zimebanwa, hazijawahi kufunguliwa. Nikakaa kitandani nikafungua tu, sijui kwa nini. Mada ya mchana wa siku ya kwanza, ile niliyoisaini asubuhi, ilikuwa juu ya sehemu zetu hizi hasa. Kwamba maji matamu chini ya ardhi yetu yamelala yakipakana na ya chumvi, huku na huku na chini yake. Kwamba ukivuta taratibu yanakaa, ukivuta kwa nguvu unayaita ya chumvi. Kwamba kupanda haraka kwa maji hakukuambii lolote juu ya ladha yake ya kesho. Palikuwa na mchoro ambao wewe ungeuelewa ukiwa darasa la saba. Na ukutani sebuleni palikuwa na cheti kinachosema nimefundishwa hayo.

Nilikitoa ukutani siku hiyo hiyo. Mama yako akauliza, nikasema fremu imelegea.

Nakuambia haya si kwamba nataka kukutisha. Kusema kweli, kilichonipata baada ya aibu kilinishangaza: nilianza tena kuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, halafu tukishavaa muhuri tunaona haya. Mimi nilizaliwa mahali ambapo maji yanapita kwenye mfereji nyuma ya jiko, ukiyataka unainama. Nilipoletwa Garissa kijana, kilichonifanya nisiombe uhamisho kama wenzangu ni swali moja: maji ya watu hawa yako wapi? Nilikuwa silali. Namsimamisha mchungaji njiani namuuliza hapa kulikuwa na nini, na kule je. Sijui nililiacha wapi swali lile.

Basi nikarudia. Nikaanza kuonja. Kila kisima nilichofika nilikunywa kwanza, kavu, bila chai, na daftari mkononi. Nikawauliza wafugaji, wakanicheka, kisha wakanifundisha. Kondoo anakataa mapema, ngamia anakunywa hata yale ambayo binadamu hawezi, na kuna maji wanayosema yanafaa ngamia wa maziwa lakini hayafai mtoto. Nikalinganisha na kifaa, chenye betri mpya. Mara nyingi walikubaliana, mara nyingine hawakukubaliana, na zile nyingine ndizo zilizonivutia zaidi. Tumbo langu liliumia sana miaka hiyo, mama yako alidhani ni vidonda.

Na semina, mwanangu, sasa nakaa mstari wa mbele. Mwaka jana mkufunzi alikuwa kijana mwenye hereni, anatuonyesha jinsi ya kusoma unyevu wa ardhi kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Nilimuuliza maswali mpaka watu wakachelewa chakula cha mchana, na mmoja nyuma akasema mzee huyu ameletwa na nani. Sikuelewa nusu ya majibu. Lakini nilirudi hotelini nimechangamka kama mtu aliyeongezewa damu. Pointi nilizopata sikumbuki ni ngapi.

Katika orodha ya bodi ya mambo ambayo injinia lazima ayaweze, kuna moja nilikuwa nikiiruka, naona imewekwa kujaza ukurasa: kwamba ajue mipaka ya ujuzi wake. Sasa hiyo ndiyo inayonitatiza. Mtu anaipimaje? Mimi mipaka yangu niliionyeshwa na muuza chai. Ukifika mbele ya wasaili wakikuuliza hilo, nipigie simu uniambie ulijibu nini, nina hamu kweli ya kujua.

Huko Kutulo utakuwa chini ya Injinia Nasra, mnajenga mabwawa ya kukinga maji ya mvua. Simjui zaidi ya sauti yake kwenye simu. Nilimuuliza kama ana haraka ya kutia saini vitabu vya wahitimu, akanijibu, "Mimi nasaini nilichokiona." Nilikata simu nikacheka peke yangu, nikasema basi umekwisha, Wakesho, umetoka kwangu umeangukia kwa mwingine.

Najua nikikataa utachelewa mwaka. Wenzako watasajiliwa mbele yako, na utakapowaona na mihuri yao utanikumbuka vibaya. Inaniuma. Ulikuwa mwaka mgumu, nilikuona ukifungua simu kila asubuhi kutafuta barua ya kazi, na hakuna siku niliyopita mlangoni kwako nikiwa na amani. Kama ningeweza kukupa mwaka huo kwa mkono wangu ningekupa. Lakini ninachoweza kukupa ni karatasi inayosema ulifanya usichofanya, na siku moja kamati ya kisima itakuita, watakuwa na kiu, watakuamini kwa karatasi hiyo. Naogopa siku hiyo kuliko ninavyoogopa kununa kwako.

Sasa, nisingekuwa na uso wa kukukatalia huku ripoti yangu ikiwa bado ofisini inasema ni ukame. Kwa hiyo Jumatatu, siku mbili baada ya wewe kuniletea kitabu, nilimpelekea mkurugenzi barua. Nimeeleza pampu, na kifaa kisichokuwa na betri, na mbuzi, na daftari la Mombasa. Nimeomba ripoti isahihishwe na nakala ipelekwe kwa bodi. Alisoma yote mbele yangu, akavua miwani, akaniuliza kwa nini sasa, karibu na kustaafu. Nikamwambia nina mtoto anaanza kazi. Hajaniita tena. Wanaweza kunisimamisha, wanaweza kuichukua leseni, sijui, na kwa mara ya kwanza hilo 'sijui' halinikoseshi usingizi. Mama yako nitamwambia kesho, basi likishaondoka, maana nikimwambia leo taulo la kijani halitapatikana kamwe.

Kitabu chako kimo kwenye bahasha hii. Nilikaa nacho juzi, nikapitia ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta siku ambazo kweli ulikuwa nami. Nikazipata. Kiangazi kilichopita, kwenye kile kisima cha sola upande wa Sangailu, ulikuja kunisaidia kwa sababu ulichoka kukaa ndani. Ulilala kwenye hema na siafu. Kila alfajiri uliteremsha utepe kwenye bomba la kupimia, ukaandika maji yako wapi. Siku ya tatu ulinijia na daftari ukaniambia maji yanashuka kidogo asubuhi kabla pampu haijawashwa, kisha yanapanda tena. Nikakuambia umesoma vibaya. Hukubishana, ukarudi ukapima tena, na kesho yake, na kesho kutwa. Mwishowe nilikwenda kupima mwenyewe nikapata kama ulivyopata. Hapakuwa na kisima kingine jirani cha kuyavuta. Pampu ilikuwa baridi. Tulikaa, mchanga ukitujaa masikioni, tukibahatisha sababu, na hatukuafikiana.

Siku zenyewe ni kumi na moja. Hizo nimezisaini, moja moja, kila moja kwenye mstari wake. Kurasa nyingine nimeziacha ulivyoziandika, uzichane au uziache, kitabu ni chako. Pale chini penye maoni ya msimamizi, ambapo watu huandika kwamba mhitimu ana bidii na nidhamu, nimeandika hivi: "Aliniuliza kwa nini maji yanashuka kabla pampu haijawashwa. Nilimwambia amekosea. Hakukosea. Sababu mimi siijui." Kisha nikagonga muhuri wangu, huenda ni mara ya mwisho.

Baba yako